Sitaki Nataka

Katika Kiswahili yamo maneno mawili ambayo, yakisimama mbalimbali, kila moja lina maana iliyo wazi kama mchana. La kwanza ni *sitaki*, na la pili ni *nataka*. Mtoto wa miaka miwili huyajua yote mawili wala hayachanganyi. Akikataa uji, mama yake hana haja ya kumwuliza maana yake ni nini. Lakini maneno haya yakifungwa pamoja na kuwa *sitaki nataka*, huzaliwa kitu cha tatu ambacho si kukataa wala si kukubali. Msemo huu hutumika kwa mgeni anayekataa chakula huku akivuta kiti, na kwa mwanasiasa anayekana cheo huku akiichukua fomu, na kwa hao hauna madhara makubwa. Walakini makao yake hasa si hapo. Makao yake ni katika vinywa vya vijana wa kiume wazungumzapo juu ya wasichana. Huko tafsiri yake ni kwamba msichana akisema hapana husema kwa haya, au kwa adabu, au kwa kujipandisha thamani, na kwamba kazi ya mwanamume ni kuivuka hapana hiyo mpaka aifikie ndiyo iliyojificha nyuma yake.

Nia yangu ni kuutazama msemo huu mdogo na kuuliza ni nani awezaye kuung'oa mahali ulipoota. Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji asipotezewe wakati. Hakimu hawezi peke yake, wala mwalimu mkuu, wala mzazi, ijapokuwa wote hao wana sehemu yao ya shamba la kulima. Msemo wa rika hulishwa na kicheko cha rika, na siku rika likiacha kuucheka, msemo hukosa chakula. Ndiyo maana nimekuja kuamini kwamba mafunzo ya ridhaa shuleni, yale ambayo wanafunzi huwafunza wanafunzi wenzao, hufika mahali ambapo njia zetu nyingine zote hukatikia.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ninayolipiwa mshahara. *Ridhaa* tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo lina jamaa wengi na wenye heshima katika lugha yetu: radhi za wazazi, kuomba radhi, kuridhia, kuridhika, maridhiano. Hata hivyo, nilipowauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, darasa la watu wapatao sitini, ni wapi walipolisikia neno *ridhaa*, waliotangulia kujibu walisema katika michezo. Ngumi za ridhaa ni zile za mabondia wasiopigana kwa ujira. Wengine walikuwa wamelisoma katika karatasi ya hospitali, siku ndugu yao alipokuwa anangoja kupasuliwa. Mmoja alilisikia mahakamani. Hapana hata mmoja aliyesema kwamba alilisikia nyumbani kwao, wala katika maongezi ya mapenzi, wala katika mashauri ya ndoa. Neno lipo, tena ni zuri, lakini limeajiriwa ulingoni na hospitali, na pale linapohitajiwa zaidi halina kazi.

Sarufi yetu, nathubutu kusema, ina hekima kuliko mazungumzo yetu. Chukua kitenzi *kubali*. Aliyekubali ametenda mwenyewe. Waliokubaliana wametenda wote wawili, kila mmoja akimtazama mwenziwe usoni. Aliyekubalishwa ni mtu mwingine kabisa: silabi moja imeingia mwishoni mwa neno, na mtu wa pili ameingia pamoja nayo, na mkono wake, na vitisho vyake au zawadi zake. Mtoto wa shule ya msingi hujifunza minyambuliko hii kwa ajili ya mtihani, naye huipata alama yake. Sijapata kuuona mtihani unaomwuliza, katika kisa cha watu wawili, ni nani aliyekubali na ni nani aliyekubalishwa.

Yapo maneno mengine ambayo hayatusaidii. Tukisema kwamba mtoto amenajisiwa, tumeleta neno la uchafu, uchafu ule unaoondoa tohara, na sentensi inapokwisha uchafu umebaki juu ya mtoto. Wengi husema *ameharibiwa*, kana kwamba ni chombo. Mtendaji naye kauli ya kutendwa imemfungulia mlango wa nyuma akaondoka. *Kubaka* ni neno kali, lakini ukali wake ni wa haki, maana halimchafui aliyetendewa. Waelimishaji rika niliobahatika kuwaona wamejiwekea kanuni ndogo ambayo mwalimu yeyote wa lugha angeipenda: waseme kwanza ni nani aliyebaka, ndipo waseme ni nani aliyebakwa.

Wala tusidhani kwamba tunazungumza juu ya jambo la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 juu ya maisha yao ya utotoni. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 hivi katika kila 7, walisema kwamba walitendewa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kenya, katika uchunguzi wa namna hiyohiyo wa mwaka 2010, hesabu ilikuwa wanawake 32 katika kila 100 na wanaume 18 katika kila 100. Hesabu ya wavulana huwashangaza wasomaji wengi, na mshangao huo wenyewe ni sehemu ya maradhi. Lakini tarakimu iliyonikaa moyoni ni nyingine: katika Tanzania, karibu nusu ya wasichana waliotendewa, na zaidi ya theluthi mbili za wavulana, hawakumwambia mtu yeyote. Darasa la watoto arobaini na tano linaweza kusoma pamoja miaka minne, watoto kadhaa miongoni mwao wamebeba jambo la namna hii, na kila mmoja akadhani yuko peke yake.

Yaliyotokea Meru mwaka 1991 ni machungu kuyakumbuka, lakini sioni jinsi ya kuyaruka. Usiku wa tarehe 13 Julai, katika shule ya sekondari ya mchanganyiko ya St. Kizito, wavulana waliwavamia wasichana katika bweni lao. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Baadaye iliripotiwa, na dunia nzima ikasoma, kwamba kiongozi mmoja wa shule alisema wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana. Walitaka kuwabaka tu. Watu wengi wameandika juu ya kauli hiyo na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba neno *tu* halijapata kubebeshwa mzigo mzito kama ule. Mimi natazama jambo linalosahauliwa. Wasichana wale walikuwa wamekataa kujiunga na mgomo wa wavulana. Hapana yao haikuhusu mapenzi hata kidogo, ilihusu mgomo. Ndipo mtu anapoona kwamba shina la balaa hili haliko katika matamanio peke yake, kama wapendavyo kusema wahubiri wengi. Liko katika kutozoea kulisikia neno la kukataa likitoka katika kinywa fulani.

Tumewafundisha nini vijana wetu juu ya kukataa? Ushairi wetu wa mausia ni hazina kubwa, nami sitaki nidhaniwe kwamba naudharau. Mwana Kupona alimwusia binti yake katika utendi wa mwaka 1858. Shaaban Robert alimwandikia mwanawe wa kiume *Utenzi wa Adili* na binti yake *Utenzi wa Hati*. Katika tungo hizo zote maneno hushuka kutoka juu kama maji ya paani: mzazi husema, mtoto husikia. Unyago nao ulikuwa na makungwi wake, na jando lilikuwa na wazee wake, na mengi yaliyofundwa humo yalikuwa ya faida, usafi na heshima na kuujua mwili. Lakini kwa sehemu kubwa mwari alifundwa kumpendeza mume kuliko kumkatalia. Pamoja na hayo, wahenga hawakuwa wajinga wa nguvu ya rika. Walioingia jandoni pamoja walifungamana maisha yao yote, na aibu mbele ya rika iliuma kuliko fimbo ya mzee. Shule ya leo imelirithi rika bila kurithi kungwi. Imewakusanya mamia ya vijana wa umri mmoja, ikawapa kengele na sare, kisha ikawaacha wafundane wenyewe jioni, nyuma ya madarasa. Kufundana huko kupo tayari. Swali ni kama kutakuwa na mtu wa kukuongoza au hapana.

Mwaka jana baadhi ya wanafunzi wa chuo chetu walijitolea kuwaandaa waelimishaji rika katika shule moja ya sekondari ya kata, nami niliombwa kuitazama lugha ya vijitabu vyao. Nilivitazama, nikasahihisha nilichoweza, kisha nikaomba kuhudhuria kipindi kimoja. Niliruhusiwa kwa sharti la kukaa nyuma na kunyamaza, sharti ambalo kwa mhadhiri si jepesi. Walimu wa shule hawakuwamo. Waliokiendesha kipindi walikuwa msichana na mvulana wa kidato cha tatu, na waliofundishwa walikuwa kidato cha pili.

Somo lilikuwa la kalamu. Msichana alimwomba mwenziwe kalamu kwa upole, naye akampa. Darasa likahukumu kwamba amepewa. Mara ya pili aliomba huku amekunja ngumi, akapewa. Mara ya tatu mwenye kalamu alijilaza mezani kama mtu aliyeshikwa na usingizi, na kalamu ikachukuliwa pembeni mwa kichwa chake. Mara ya nne alisema chukua, kisha, kabla mkono wa mwombaji haujafika, akasema ngoja kwanza.

Juu ya ngumi palizuka ubishi mkubwa. Mvulana mmoja alisimama akasema: "Si kaitoa mwenyewe? Hakuna aliyemshika mkono." Msichana wa mstari wa mbele alimjibu bila kugeuka: "Mkono umetoa. Yeye hajatoa." Juu ya aliyelala hapakuwa na ubishi, nami nilistaajabu kwamba mahakama za dunia zimetumia miaka mingi kufika mahali ambapo watoto hawa walifika kwa dakika mbili. Ubishi mkali kuliko yote ulikuwa juu ya mara ya nne. Wavulana kadhaa walishikilia kwamba neno likisemwa limesemwa, na mwungwana harudi nyuma. Mwendeshaji, yule mvulana wa kidato cha tatu, aliwauliza: daladala ikiwa imekwisha kuondoka, na abiria akasema *shusha*, je, konda atamwambia kwamba nauli ameshalipa kwa hiyo hashuki mpaka mwisho wa njia? Darasa likacheka, na hoja ikapita katika kicheko hicho kama uzi katika tundu la sindano. Nimekisoma kifungu cha 42 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, kisemacho kwamba mtu ameridhia iwapo amekubali kwa hiari yake, naye ana uhuru na uwezo wa kuichagua hiari hiyo. Kifungu hicho ni kizuri. Mfano wa daladala haukipunguzii kitu, na kwa kidato cha pili una faida ya kupanda na kushuka kila siku.

Kisha kutoka nyuma, karibu na nilipokaa, ikatoka sauti niliyokuwa naingoja. "Lakini wengine ni sitaki nataka." Wavulana wakacheka, na wasichana wawili watatu wakacheka pia. Mwendeshaji wa kike hakukasirika. Alimwuliza: "Ulijuaje kwamba anataka?" Kijana akajibu: "Alikuwa anacheka." Palikuwa na kimya kifupi. Msichana mmoja mwembamba, ambaye hakuwa amesema lolote tangu mwanzo, akasema: "Mimi nikiogopa nacheka." Mwendeshaji akawauliza wasichana ni nani mwingine aliye hivyo. Mkono mmoja ukainuka, ukafuata wa pili, na baada ya kitambo mikono ikawa mingi kuliko iliyobaki chini. Wavulana waligeuka kuitazama. Kijana aliyesema sitaki nataka naye aliitazama. Alifungua kinywa, akakifunga.

Mimi nimefundisha kwa miaka karibu ishirini, na najua kwamba hapana mhadhara wangu uliopata kufanya kazi ile. Mbele ya mwalimu msichana yule asingekiri kwamba hucheka akiogopa, kwa kuwa kukiri hivyo ni kukiri kwamba amepata kuogopeshwa, na mwalimu angetaka kujua ni nani, na lini. Mbele ya mhubiri kijana yule asingeuliza swali lake, angelimeza na kwenda nalo nyumbani likiwa zima. Elimu iliyokuwa ikikosekana chumbani mle haikuwamo katika kitabu chochote. Ilikuwamo vichwani mwa nusu ya darasa, na nusu ya pili haikuwa imepata kuiuliza.

Halikosi kuzuka suala la dini, nalo lilizuka. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba kimya cha mwanamwali ni ridhaa yake, na kwamba amefundishwa hivyo chuoni. Nilidhani waendeshaji watababaika. Aliyejibu alikuwa mvulana mwingine, aliyesoma chuo hichohicho. Alisema kwamba kimya hicho ni jibu, na jibu huja baada ya swali. Mwanamwali huulizwa na walii wake, nyumbani, juu ya ndoa, mchana, naye ana nafasi ya kukataa. Na mwanamke aliyepata kuolewa haitoshi anyamaze, lazima aseme. Kimya cha mtu aliyeshikwa mkono gizani, akasema, hakuna aliyekiuliza kitu. Naye alikuwa na miaka kumi na mitano. Ningekuwa na mamlaka ya kutunuku shahada siku ile, ningemtunuku.

Sasa lazima nizuie furaha yangu, maana mafunzo ya rika si dawa ya kunywa kijiko kimoja. Kuanzia mwaka 1999, katika shule za msingi za vijijini mkoani Mwanza, mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana uliwafundisha wanafunzi juu ya afya ya uzazi na UKIMWI. Walimu walifundisha, na waelimishaji rika waliotoka katika madarasa yenyewe waliigiza michezo mifupi ya kuanzishia mazungumzo. Tathmini zake zilifanywa kwa uangalifu ambao miradi mingi haithubutu kuukabili. Maarifa ya wanafunzi yaliongezeka, na majibu yao juu ya mienendo yakawa bora; lakini vipimo havikuonyesha kwamba maambukizi ya virusi vya UKIMWI yamepungua. Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo kama hukumu ya kushindwa. Mimi nayasoma kama jibu la swali letu. Msichana wa kijijini anaweza kufundishwa kukataa mpaka akaweza kuimba. Ikiwa anayemtaka ni mkubwa kuliko yeye, ana fedha ya sabuni na ya daftari, naye hakufundishwa kusikia, maarifa ya msichana yatabaki kuwa maarifa. Tena watoto wale waliigiza michezo iliyokwisha kuandikwa na watu wazima. Kuna tofauti kati ya kinywa cha rika na akili ya rika, na aliyekodi kinywa peke yake asishangae akipata mwangwi.

Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kazi ilifanywa kwa namna nyingine. Vijana wa kike waliotoka katika mitaa hiyohiyo waliwafundisha wasichana wa sekondari kwa muda wa majuma sita namna ya kukataa kwa sauti, kwa maneno, na ikibidi kwa mwili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, miongoni mwa wasichana waliofundishwa matukio ya kushambuliwa kingono yalishuka kutoka 18 hivi kwa kila wasichana 100 kwa mwaka mpaka 11 hivi. Miongoni mwa wasiofundishwa hayakubadilika. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba wavulana nao walifundishwa, na vijana wa kiume, majuma sita. Hawakufundishwa kuwa wakosaji watarajiwa. Walifundishwa kuwa watu wanaopita njiani. Walifanyia mazoezi namna ya kuingilia kati wamwonapo mwenzao akimsumbua msichana. Baada ya miezi tisa, wale waliofundishwa na baadaye wakashuhudia shambulio walisema kwamba walifaulu kulizuia katika mashambulio 74 kwa kila 100, wasiofundishwa, 26. Hayo ni maneno ya wavulana wenyewe juu ya ushujaa wao, na msomaji ana haki ya kuyapunguza kidogo. Hata akiyapunguza nusu, bado pamebaki kitu. Mvulana anayemwambia mwenziwe "mwache, amekataa" anafanya kazi ambayo polisi hawezi kuifanya, kwa sababu polisi hayupo pale, na hata angekuwapo, kijana angemwogopa bila kumheshimu.

Wazazi wana hofu mbili, na zote mbili zinastahili kujibiwa kwa adabu. Ya kwanza ni kwamba ukimfundisha mtoto ridhaa umemfundisha kuridhia. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inatamka kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa ya kujamiiana. Basi, husema mzazi, kwa nini afundishwe kitu ambacho sheria inasema hana? Ni hoja yenye mantiki. Lakini mtoto huombwa mambo mengi kabla ya hilo na nje ya hilo. Huombwa kukumbatiwa na mjomba aliyelewa. Huombwa picha kwa simu, na picha iliyotumwa kwa mtu mmoja hufika kwa mia kabla ya kengele ya asubuhi. Hufanyiwa mzaha wa kushikwashikwa katika mstari wa chakula. Mtoto ambaye hapana yake haikuheshimiwa mezani hawezi kuipata tayari na yenye nguvu siku ya hatari. Na mtoto aliyeambiwa wazi kwamba ndiyo yake haihesabiki kwa mtu mzima, hata akilaghaiwa kuitoa, ameondolewa mzigo ambao wengi wameubeba uzeeni: kwamba alikubali mwenyewe.

Hofu ya pili ni ya wazazi wa wavulana, nao huisema kwa sauti ya chini: mwanangu atafanywa mshtakiwa. Sheria hiyohiyo iliweka kwamba mvulana wa miaka 18 au chini, akitenda kosa kwa mara ya kwanza, adhabu yake iwe viboko peke yake. Sibishani na majaji. Naona tu kwamba kiboko humwambia kijana kwamba amekosa bila kumwambia alipaswa kusikia nini, na sekunde ngapi kabla. Mzazi anayempenda mwanawe angependelea alisikie neno hilo darasani kwa mwenziwe kuliko mahakamani kwa karani.

Limebaki jambo ambalo linanitia wasiwasi kuliko hofu zote hizo, nalo ni mzigo wa waelimishaji rika wenyewe. Mtoto akifunguliwa kinywa husema, na humwambia yule aliyemfungua. Yule msichana wa kidato cha tatu aliyeliendesha somo la kalamu aliletewa siri mbili katika muhula mmoja. Ana miaka kumi na saba. Ya kwanza ilihusu jirani. Ya pili hakunieleza, nami sikuuliza. Hapo ndipo mafunzo ya rika yanapofika mpaka wake, na anayeyaanzisha bila kuuchora mpaka huo anamtwisha mtoto gunia la mtu mzima. Lazima pawe na mwalimu mlezi ambaye watoto wamemchagua kwa kumwamini, asiyepangwa kwa sababu tu vipindi vyake ni vichache. Lazima mtoto ajue kwamba kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto, na kwamba namba 116 hupigwa bure. Lazima aambiwe, tena na tena, kwamba kazi yake inakwisha kwa kusikiliza, kuamini, na kumfikisha mwenziwe kwa mtu anayepaswa kuubeba mzigo. Na ikiwa mkosaji ni mwalimu? Swali hili huulizwa kila mara na kila mara hushusha macho ya watu. Hapo mtoto hana nguvu, na rika lake halina nguvu, na shule isiyokuwa na njia ya kumfikia mtu aliye nje ya shule imewafundisha watoto kusema kisha imewafungia mlango.

Shule niliyoizungumzia ilisikia neno hilo. Sasa ina walezi wawili, mwanamke na mwanamume, na mmoja wao ni muuguzi wa zahanati ya jirani ambaye hana alama ya mtoto yeyote mkononi mwake. Waendeshaji wanakutana naye kila Ijumaa, na hukubaliwa kusema wamechoka. Vijitabu vimechapishwa upya, na mfano wa daladala umetiwa ndani kwa maneno yaleyale aliyoyatumia kijana. Nilipopita huko mwezi uliopita, orodha ya waelimishaji rika wa mwaka ujao ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa maktaba. Walihitajiwa saba wa kike na saba wa kiume. Majina ya wasichana yalikuwa yametimia, tena wengine wameandikwa pembeni kwa penseli wakingoja nafasi. Ya wavulana yalikuwa matatu.